Chake Chake, chake cha nani?

Kila ninapowachukua wanafunzi wangu kwenda Pemba, huwaanzia na swali la sarufi kabla ya swali la historia. Nawauliza neno "chake" linataka nini ili likamilike. Hujibu upesi, maana ni somo la skuli ya msingi: linataka kitu cha ngeli ya ki-, na linataka mwenyewe. Kiwanja chake, kisima chake, chakula chake. Basi, nawaambia, mji huu umetamkwa mara mbili kwamba ni wa mtu, na mtu mwenyewe hakutajwa. Asili ya jina la Chake Chake ina hadithi zake, nami siziingilii. Swali la mwenyewe ndilo linalonishughulisha, na nimelirudia tena mwaka huu kwa sababu ya maneno niliyoyasikia angani.

Nilikuwa katika ndege ndogo kutoka Unguja, nimekaa ubavuni mwa mgeni aliyekuwa anakuja Pemba kwa mara ya kwanza. Ndege iliposhuka kuelekea Wawi, kisiwa kikajifunua chote: vilima vilivyokaribiana kama mawimbi, mikarafuu migongoni mwake, mabonde ya mpunga katikati, na upande wa magharibi hori refu lililojipenyeza baina ya mikoko mpaka chini ya mji. Mgeni alitazama kwa muda, kisha akasema kwa furaha ya kweli kwamba hapa pana bahati, kwani ni mahali ambapo mkono wa binadamu haujapagusa.

Nilinyamaza kwa adabu ya safari. Lakini neno lile lilinikaa, kwa kuwa si la mgeni peke yake. Ndilo neno la vipeperushi vyetu vya utalii na la hotuba zetu nyingi. Hata sisi wenyewe tukiwa mbali na nyumbani husema Pemba ni "kijani" kana kwamba kijani hicho kilishuka na mvua. Waarabu wa kale waliiita Al-Khadhra, ya kijani, na jina hilo hatulichoki. Ukweli ni kwamba karibu kila alichokiona mgeni yule kutoka dirishani kimefanywa na watu. Bonde lile limelimwa kwa karne nyingi. Mikarafuu ile si mti wa Afrika. Asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia, na ilifika kwetu katika karne ya 19. Anayesema mahali hapa hapajaguswa anawafuta waliopagusa, na wengi wao waliguswa wao kwanza, kwa kamba na kwa fimbo.

Tuanze na mji wenyewe. Chake Chake umekaa juu ya mgongo wa kilima, unatazama hori ambalo maji yakipwa hubaki tope na mizizi ya mikoko. Anayefika leo hujiuliza kwa nini watu wajenge mji mkuu wa kisiwa mahali ambapo chombo hakiwezi kufika mpaka maji yajae, ilhali bandari za Mkoani na Wete zina kina cha kutosha. Jibu liko mgongoni na bondeni. Mji uliopo katikati ya kisiwa, juu ya kilima, mwishoni mwa njia nyembamba ya maji, ni mji wa mtu anayetaka kukusanya mavuno kutoka pande zote bila ya kuvamiwa kwa ghafla kutoka baharini. Na kabla ya karafuu kulikuwa na mavuno makubwa ya kukusanya. Wareno walipokuwa katika ngome yao ya Mombasa, waliyoanza kuijenga mwaka 1593, chakula chao kilitoka Pemba kwa sehemu kubwa: mchele na ng'ombe. Baada yao wakaja Wamazrui wa Mombasa, nao wakaishikilia Pemba katika karne ya 18 kwa sababu ile ile ya tumbo, mpaka Seyyid Said alipowanyang'anya mwanzoni mwa miaka ya 1820. Aliyeipoteza Pemba alikuwa ameipoteza ghala yake.

Wataalamu wa mambo ya kale wameisogeza nyuma zaidi habari hii ya mpunga. Uchimbaji uliofanywa kaskazini mwa kisiwa, Tumbe na Chwaka, umeonesha kwamba watu wa Tumbe wa karne ya 8 hadi ya 10 walikula zaidi mawele, na kwamba huko Chwaka, tangu karne ya 11, mpunga ndio ulioshika nafasi. Wapemba waliacha nafaka inayovumilia ukame wakachagua nafaka ya kazi nyingi, inayotaka maji, kupandikiza, kupalilia, kuamia ndege, na ambayo huliwa penye heshima na karamu. Hayo ni maamuzi ya watu waliokuwa na miji, misikiti, na wageni wa kukirimu. Mabonde tunayoyapiga picha yalianza kutengenezwa wakati huo.

Ngome ya Chake Chake ni alama ya hao wakusanyaji wa baadaye. Inadhaniwa kuwa ya karne ya 18, na wapo wanaoamini kuwa imesimama juu ya msingi wa Wareno. Maelezo ya karne ya 19 yanaieleza kuwa ya pembe nne, yenye minara miwili ya duara na miwili ya mraba. Richard Burton alifika hapa Januari 1857, akiwa na Speke, kabla ya safari yao ya maziwa makuu. Mwanzoni mwa karne ya 20 sehemu kubwa ya ngome ilibomolewa kupisha hospitali. Kilichosalia ni kipande chake, na humo ndimo ilimo makumbusho ya Pemba hivi leo. Wanafunzi wangu hukasirika wakisikia habari ya kubomolewa. Mimi sikasiriki sana. Kama ni lazima jengo la mtawala lipungue, basi heri lipungue kwa ajili ya wodi ya wagonjwa. Kinachonisumbua ni kwamba baada ya miaka mia na zaidi bado tunapozungumzia urithi wa mji huu fikra zetu huenda moja kwa moja kwenye kipande hicho cha ukuta, kama vile mji mzima ulikuwa ni ukuta na mwenye ukuta.

Wazee wetu wa Pemba hawakuwa na kosa hilo. Nenda Pujini, mwendo mfupi kusini mashariki ya mji, penye magofu ya boma la karne ya 15 lililozungukwa na tuta kubwa la udongo, ambalo wanaakiolojia wanalihesabu kuwa la aina yake katika mwambao wote. Mwenyewe husimuliwa kuwa aliitwa Muhammad bin Abdulrahman, lakini jina hilo hulisikii ila kwa msomi. Watu humwita Mkama Ndume, mwenye kuwakamua wanaume kama akamuavyo mtu ng'ombe. Na ukimwomba mtu wa Pujini akusimulie, hatakuanzia na nasaba ya mfalme. Atakuanzia na mawe: kwamba watu walilazimishwa kuyabeba huku wakisota kwa makalio, hawaruhusiwi kusimama. Halafu ndipo atakapokuonesha kisima kilichogawanywa kwa ukuta ili wake wawili wa mfalme wasionane, mmoja akiteka kwa kamba na ndoo, mwingine akishuka kwa ngazi.

Sijui kama kuna mtu aliyesota kweli, na si hoja. Hoja ni kwamba hadithi hii imetungwa na kuhifadhiwa na upande wa wabeba mawe. Mfalme alijenga boma ili akumbukwe kwa ukubwa wake. Watu wakalihifadhi jina lake kwa miaka mia tano, nalo ni jina la lawama. Naiona kuwa ni kazi ya historia iliyokamilika, na imefanywa bila ya wino.

Sasa geuka uitazame mikarafuu. Hapa ndipo ninapoona upungufu wetu, kwani mikarafuu haina Mkama Ndume wake.

Mpaka mwaka 1872 Pemba haikuwa kisiwa cha karafuu kwa kiwango tunachokijua. Mashamba makubwa yalikuwa Unguja. Aprili mwaka huo kimbunga kikaipiga Unguja na kuing'oa sehemu kubwa sana ya mikarafuu yake, na Pemba ikanusurika kwa kiasi. Bei ikapanda. Wenye mali wakaigeukia Pemba, vilima vikafyekwa, miche ikapandwa kutoka mgongo hadi mgongo. Miche hiyo haikujipanda. Mwaka uliofuata, Juni 1873, Seyyid Barghash alilazimishwa na Waingereza kutia saini mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa baharini na kulifunga soko la Unguja. Angalia jinsi tarehe hizi mbili zilivyofuatana: mahitaji ya mikono yalipanda Pemba wakati ule ule mlango wa kuiingiza mikono hiyo ulipofungwa kwa sheria. Matokeo yalikuwa magendo. Hori zetu zenye mikoko, hizi tunazozipigia picha jua linapotua, ndizo zilizokuwa njia za majahazi ya usiku yaliyoshusha watu kutoka bara. Manowari za Waingereza zilizivizia. Desemba 1881 nahodha wa manowari ya London, Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba na watu wa jahazi alilotaka kulipekua. Yeye ameandikwa. Waliokuwa chini ya sitaha za majahazi yale, walioletwa kupanda kijani tunachojivunia, hawakuandikwa.

Kazi yao ilikuwa ya namna gani? Anayeijua karafuu hahitaji kusimuliwa. Kikonyo huchumwa kabla ya ua kufunguka. Ukichelewa siku chache, umekosa. Mchumaji hupanda mti mrefu wenye matawi mepesi ya kuvunjika. Kisha huja kuchambua, kutenga karafuu na makonyo mpaka usiku, kisha kuanika juani na kuanua kila wingu linapotanda. Kwa desturi mtumwa wa shamba aliachiwa siku mbili za wiki, Alhamisi na Ijumaa, alime konde lake mwenyewe ajilishe. Msimu wa mavuno desturi hiyo ilikuwa ya kwanza kuvunjwa.

Amri ya kuifuta hali ya utumwa Unguja na Pemba ilitolewa Aprili 1897, katika utawala wa Seyyid Hamoud bin Mohammed. Haikumwacha huru mtu hata mmoja kwa siku hiyo. Aliyetaka uhuru ilimpasa aende mwenyewe mbele ya mahakama adai, mwenye mtumwa alipwe fidia, na aliyeachwa huru athibitishe kwamba ana pa kukaa na kazi ya kufanya. Masuria walitengwa na amri hiyo mpaka mwaka 1909. Pemba alipelekwa afisa wa kusimamia madai hayo, Farler, aliyekuwa zamani mmishenari huko Magila, bara. Mtu alitembea kutoka shambani kwa bwana wake, akavuka vilima vile vile, akapanda kilima cha mji ili aulizwe maswali na Mwingereza kuhusu maisha yake. Njia hizo bado zipo. Hakuna kibao hata kimoja.

Si mbali na mji, Banani, walifika mwaka huo huo Wakristo wa madhehebu ya Marafiki kutoka Uingereza, wakanunua shamba ili waliokuwa watumwa wapate kazi ya ujira. Mmoja wa viongozi wao, Henry Stanley Newman, alichapisha kitabu kwa jina la mahali hapo mwaka 1898. Ninawapa wanafunzi wakisome kwa tahadhari, kwani kina huruma nyingi na pia kina hakika nyingi kuhusu namna Mwafrika huru anavyopaswa kuamka asubuhi. Kwa upande wa pili nawapa kitabu cha mwanahistoria Elisabeth McMahon cha mwaka 2013, kilichojengwa kwa kumbukumbu za mahakama za Pemba. Hoja yake kubwa ni neno letu wenyewe, heshima. Zamani heshima ilikuwa ya mwenye nguvu na nasaba. Waliotoka utumwani wakaigeuza, wakaidai kwa mwenendo wao: kwa kuvaa, kwa kuswali, kwa kuoa kwa taratibu, kwa kulipa deni, kwa kujenga nyumba karibu na watu. Wakawa majirani, kisha wakwe, kisha Wapemba.

Hapo ndipo penye ugumu ambao mtu wa nje hauoni. Ukimya wa Pemba kuhusu utumwa hautokani na usahaulifu pekee. Sehemu yake ni stara. Kumtaja mtu kwamba babu yake aliletwa ni kumvua nguo aliyoishona kwa vizazi vitatu. Nimekaa kwenye mabaraza ambako kila mtu alijua na hakuna aliyesema, nami sikuuliza. Kwa hiyo simwambii mwanafunzi aende na daftari mlangoni kwa watu akitafuta wajukuu wa watumwa. Namwambia aitazame ardhi, kwa kuwa ardhi haina haya.

Ardhi ya Pemba imeandikwa vizuri kuliko makaratasi yake. Katika sehemu nyingi za kisiwa, Mpemba aliyefyeka msitu na kupanda mikarafuu kwa ajili ya tajiri alibakiwa na nusu ya miti. Ndiyo maana hapa umilikaji ulisambaa zaidi kuliko Unguja, na ndiyo maana hadi leo unaweza kukuta ardhi ni ya mtu mmoja na mti ni wa mwingine. Swali la chake cha nani linaulizwa katika kila shamba, na kadhi na sheha wanalijua vizuri. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ikataifisha ardhi na kugawa mashamba ya eka tatu tatu, jibu jingine kwa swali lile lile. Ununuzi wa karafuu ukabaki kuwa wa dola peke yake, na kwa miaka mingi mkulima alipata sehemu ndogo ya bei ya dunia. Hori zikarudi katika kazi yake ya zamani, safari hii kwa magunia yaliyovushwa usiku kwenda pwani ya Kenya, na adhabu ilikuwa kali. Wazee wa mji hawaisahau njaa ya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Na Januari 2001, baada ya risasi za siku ya maandamano, Wapemba wengi walivuka kwa mashua mpaka Shimoni, Kenya. Maji yale yale, mikoko ile ile.

Nayataja haya kwa haraka si kwa kuwa ni madogo. Ni kwa kuwa wasomaji wengi wa hapa wanayajua, na baadhi yao walikuwemo.

Sasa niwageukie watumishi wa umma, ambao najua husoma hapa hata kama hawaandiki maoni. Mji Mkongwe wa Unguja uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Pemba haina hata eneo moja katika orodha hiyo. Mara nyingi nasikia ikipendekezwa tuanze na magofu: Pujini, Ras Mkumbuu na makaburi yake ya nguzo, Chwaka na kaburi la Haruni. Sina ubishi. Lakini magofu hayakimbii. Vinavyokimbia ni vitu ambavyo hatujaviita urithi. Sakafu za kuanikia karafuu, zile za zamani zilizotandazwa kwa chokaa na mawe, zinang'olewa kwa ajili ya misingi ya nyumba. Mikarafuu mikongwe inaanguka na kuwa kuni, na hakuna aliyepima umri wa hata mmoja. Mabonde ya mpunga yanaingiwa na maji ya chumvi katika sehemu nyingi za kisiwa, na bonde likishaingiwa na bahari hupoteza kwanza mpunga, kisha majina: kila jaruba lina jina, na jina hufa likikosa mwenye kulitaja. Mikoko ya hori inakatwa. Hayo yote yako chini ya idara tofauti, moja ya kilimo, nyingine ya misitu, nyingine ya mambo ya kale, na hakuna faili moja linaloyakutanisha.

Ipo harufu moja pale Wawi, njia ya uwanja wa ndege, inayotoka katika kiwanda cha kukamua mafuta ya makonyo. Ni kali na tamu, na upepo ukigeuka inafika mjini. Mgeni wangu wa ndegeni aliinusa tulipotoka nje, akauliza ni nini. Nikamweleza kuhusu kikonyo, na mchumaji, na kuchambua usiku. Akauliza nani alianza. Nikamwambia kwamba jibu ni refu, na teksi inasubiri.

Msimu ujao wa karafuu nitarudi na wanafunzi kumi na wawili. Tutapima sakafu za kale kati ya Wawi na Ole, moja baada ya nyingine, tuandike upana, tabaka za chokaa, na jina ambalo watu wa karibu wanaiita, bila ya kuuliza nasaba ya mtu. Nimeomba ruhusa kwa masheha wanaohusika. Wawili wamekwisha kujibu kuwa tukaribie, mradi tusije wakati zimeanikwa.